Tulivyomfukuza Bwana Sindano

Nasikia siku hizi watu wanamsifu Pastory. Eti alikuwa mganga mzuri, eti kijiji kizima kilimpenda. Waongo wakubwa! Kijiji hakikumpenda hata kidogo, na mimi ninayesema nilikuwamo. Nilikuwa mfagizi wa zahanati yake. Nilifagia, nilichota maji ziwani, na kila asubuhi nilichemsha sindano zake kwenye sufuria, juu ya jiko la mafuta ya taa. Karibu miaka miwili. Kama kuna mtu wa kumsema Pastory ni mimi Siwema, mama yake Mwasiti, na nitamsema mpaka mwisho, hata kama mwisho wenyewe unaniumbua.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Kiko ufukweni, mbele ya Mwamgongo ukienda kaskazini, na hakuna njia ya kufika ila ziwa. Tulikusanywa pale mwaka sabini na mbili, wakati wa operesheni ya vijiji. Waha walishushwa kutoka milimani, na sisi ambao wazee wetu walivuka kutoka Kongo wakawa watu wa Ujiji tukatolewa kwenye vijumba vyetu vya kando ya maji, tukapangwa mistari na kuambiwa sasa nyinyi ni kijiji. Haya, tukawa kijiji. Mvua za kwanza zilitukuta kwenye vibanda vya nyasi, na watoto wakaanza kukohoa. Waliokufa mwaka ule sitaki kuwahesabu. Mwaka uliofuata tukajenga zahanati kwa kujitolea, tofali kwa tofali, na serikali ikatuletea Pastory.

Alikuwa kijana wa Simbo, Muha mtupu, mwembamba, shingo ndefu, Mkristo wa kwenda misa asiyekunywa hata tone. Siku ya kwanza alinikuta nimeshika ufagio, akanisalimia kwa Kiha chake, "Mwakeye, mama!" Nikamjibu, "Mimi ni mtu wa Ujiji, baba, niamkie kwa Kiswahili." Akacheka mpaka akajishika kiuno. Akasema, "Shikamoo, mtu wa Ujiji." Tukapatana tangu siku ile.

Lakini namna yake ya kutibu, jamani! Mama anafika na mtoto kamfunika mashuka matatu, mvua inanyesha, naye Pastory anasema mvue nguo zote. Mtoto akishavuliwa, hamgusi. Anakaa kwenye kigoda, anamkodolea macho kifuani tu. Dakika nzima, pengine mbili. Wanawake walikasirika. Waliniuliza nje, "Huyu bwana wako anatibu kwa macho?" Mimi nikawa nawajibu kwamba ndivyo alivyosomea. Baadaye alinionyesha mwenyewe. "Mama Mwasiti, angalia hapa chini ya mbavu. Akivuta pumzi, hapa panapaswa kupanda. Huyu panabonyea ndani. Na angalia pua zinavyotanuka. Huyu ana nimonia, hata kama mama yake anasema ni mafua." Kisha anachukua sindano niliyoichemsha, anachanganya penisilini, anamchoma mtoto pajani. Kelele hizo! Watoto wakimwona tu njiani wanakimbilia migongoni mwa mama zao. Ndipo wakampa jina la Bwana Sindano.

Nami niliwaona kwa macho yangu watoto waliokuja wamelegea wakaondoka wanalilia ugali. Mtoto wa mwisho wa Mzee Feliksi, mwenyekiti wetu, aliletwa midomo imekuwa ya bluu. Kwa siku saba alikuwa akichomwa asubuhi na jioni, na siku ya nane alimrushia Pastory kijiko. Mzee Feliksi alileta jogoo. Pastory hakumla, alimfuga.

Jioni alikuwa anapita nyumba hadi nyumba. Hilo nalo liliudhi watu. Kwetu, masika, dagaa hawaanikiki mchangani, basi tunawatandaza kwenye uchaga juu ya moto humo humo ndani, na watoto wanalala chini yake kwa sababu ndiko kwenye joto. Pastory akiingia anakohoa, anatoka machozi, anauliza, "Moshi huu anaula nani?" Nyumbani kwangu nilimjibu, "Dagaa, Bwana Mganga." Wanawake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka siku hiyo. Alisema, "Anaula huyu," akamwonyesha mjukuu wangu Fatu aliyekuwa amejikunja kwenye mkeka. Alitaka tupike nje, chini ya kibanda, tutoboe madirisha, watoto wapelekwe kuchanjwa surua na kifaduro boti ya chanjo ikija. Tulimwitikia ndiyo, ndiyo. Akishaondoka, dirisha tunaliziba kwa gunia.

Sasa nifike kwa Mzee Mwinshehe. Mnajua kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kwetu mtoto akikohoa sana tunasema kimeo kimerefuka, kinamziba, dawa yake ni kukikata. Mzee Mwinshehe ndiye alikuwa mkata vimeo. Alinikata mimi nikiwa mdogo, akamkata binti yangu Mwasiti, na nusu ya watu wa pwani ile walipita mikononi mwake. Alikuwa mtu wa heshima, mkono hautetemeki, na Pastory mwenyewe alimwamkia shikamoo kila wakikutana. Mzee Mwinshehe alikuwa na sharti moja. Mtoto aliyekatwa kimeo asichomwe sindano mpaka siku saba zipite na kidonda kikauke. Akichomwa kabla, anakufa pale pale. Nani alilipima sharti hilo? Hakuna. Lakini tulilijua sote tangu utotoni, na lilitukaa mwilini.

Fatu alianza kukohoa mwezi wa Desemba, mwaka sabini na nne. Alikuwa anakaribia miaka mitatu, mtoto mwenye maneno huyo, ananiita "Siwema" badala ya bibi. Usiku mmoja alikohoa mpaka akatapika. Asubuhi Mwasiti akamfunga mgongoni. Nikamuuliza, "Unakwenda wapi?" Akasema, "Zahanati, mama. Wewe si unakwenda huko huko? Twende wote."

Nikamwambia huyu ni kimeo. Akasema, "Mama, wewe mwenyewe unatusimulia kila jioni jinsi Bwana Pastory anavyowaponya." Nikakasirika. Nikamwambia watoto wa watu wana magonjwa yao, na huyu ninamjua mimi, nimelea kabla hujazaliwa. Mume wake alikuwa ng'ambo ya ziwa akivua, hakuwa na mtu wa kumtetea. Alikuwa binti mwenye adabu. Akamfungua mtoto, akanipa. Nikampeleka mimi mwenyewe kwa Mzee Mwinshehe, nikamshika kichwa, akakatwa.

Mnaniuliza kwa nini. Hata mimi najiuliza, nina miaka mingi najiuliza. Mkono huu ulichemsha sindano zilizoponya watoto wa wenzangu, na wa kwangu nikampeleka kwenye kisu. Si kwamba sikumwamini Pastory. Nilimwamini. Ila mtoto wako mwenyewe akiugua, unarudi kwenye lile ulilotendewa na mama yako.

Siku ya pili nilikwenda kazini kama kawaida. Pastory akaniuliza, "Fatu yuko wapi? Leo hajaja kukuchungulia." Nikasema amekwenda kwa shangazi yake. Siku ya tatu nikasema hivyo hivyo. Huku nyumbani mtoto amelala, hataki kula, koo linamuuma, kikohozi kimekuwa kifupi kifupi, homa inachoma mkono. Siku ya nne nilimvua kanga. Nikaangalia chini ya mbavu, pale nilipoonyeshwa. Palikuwa panabonyea. Wallahi niliona, na nilijua ninachokiona. Mwasiti akaniuliza, "Mama, si ndivyo ulivyosema Bwana Pastory anatazama?" Nikamjibu, siku saba hazijatimia, ukimchoma sasa utamuua. Nikamfunika.

Siku ya sita Mwasiti hakuniuliza tena. Nilikuwa zahanati nafua vitambaa nikamwona anakuja anakimbia, mtoto mikononi, kichwa kimelala nyuma. Pastory alimpokea juu juu. Hakuwa na haja ya kukaa kwenye kigoda, kifua kilikuwa kinakwenda mbio na midomo imegeuka. Akambonyeza ulimi kwa kijiko ampe dawa, akaona kidonda. Akageuka akaniangalia. Mimi nikainamisha macho. Akamrudisha Fatu kwa mama yake amshike, akamchoma. Hata pamba hajaiondoa pajani, mtoto akavuta pumzi moja ndefu na asivute nyingine.

Mwasiti alipiga yowe lililosikika mpaka kwenye mitumbwi. Wanawake waliokuwa foleni nje waliona kwa macho yao: mtoto kaingia anapumua, kachomwa, kafa. Hawakuona zaidi ya hapo, nami sikuwaambia.

Kabla hatujazika, habari ilikuwa imezunguka. Bwana Sindano ameua. Mzee Mwinshehe alikaa barazani kwake anatikisa kichwa, hasemi neno, na kule kutosema kwake kulimaliza kazi. Siku ya tatu, Mwasiti akiwa ndani kwenye matanga, Mzee Feliksi aliita mkutano wa kijiji. Nikaenda, kwa sababu niliitwa kwa jina.

Pastory alisimama mbele ya watu amevaa koti lake jeupe. Alisema taratibu, "Ndugu zangu, mtoto yule alifika siku ya sita ya ugonjwa. Mapafu yalikuwa yamejaa. Alikuwa amekatwa kimeo, na alikuwa hajala siku kadhaa. Sindano haikumuua. Imechelewa." Watu wakalipuka. Mzee Mwinshehe akanyanyuka na fimbo yake, "Mimi mtoto huyo sijamgusa!" Serikali ilikuwa imekwisha kuwaonya wakata vimeo, na aliogopa kupelekwa mjini. Basi Mzee Feliksi akanyamazisha watu, akanigeukia.

"Siwema, wewe ni bibi wa marehemu, na ni mtu wa zahanati. Tueleze. Mtoto alikatwa kimeo, au hakukatwa?"

Pastory akaniangalia. Uso wake ulikuwa na utulivu, kwa sababu alidhani sasa jambo limefika kwa mtu anayelijua. Nikaona wanawake wenzangu wamenikazia macho. Nikamfikiria mkwe wangu akirudi kutoka Kongo aambiwe mama mkwe wako ndiye aliyemtia mwanao kaburini. Nikamwona Mzee Mwinshehe, aliyenishika mimi utotoni.

Nikasema, "Hakukatwa."

Basi. Neno moja. Pastory hakunibishia mbele za watu, na mpaka leo sijui kama ilikuwa adabu au alichoka. Barua ikaandikwa kwenda wilayani, wanaojua kuandika wakaandika, wasiojua tukaweka dole gumba. Na mimi niliweka langu. Mzee Feliksi, ambaye mtoto wake alikuwa anakimbia na yule jogoo uani kwa Pastory, aliweka sahihi ya kwanza.

Mwezi wa Januari boti ya kumchukua ikaja. Alinikuta kizingitini nimekaa na ndoo. Akanikabidhi ufunguo. "Endelea kufagia, mama. Atakuja mwingine." Nilitaka kusema nisamehe. Wallahi neno lilifika hapa. Nikasema, "Safari njema, Bwana Mganga." Akapanda boti na sanduku lake la bati, na hakugeuka nyuma.

Mwingine hakuja. Mara tukaambiwa yumo njiani, mara tukaambiwa waganga ni wachache, vijiji ni vingi, tuvute subira. Masika ikashuka kwa nguvu mwaka ule. Dagaa walirudi juu ya moto, madirisha yakazibwa, na kikohozi kikapita nyumba hadi nyumba. Mzee Mwinshehe alikata mpaka mkono wake ukaanza kutetemeka. Kila baada ya siku chache tulikuwa makaburini, Waislamu upande huu, Wakristo upande ule. Mtoto wa Mzee Feliksi, yule wa jogoo, naye akazikwa. Mimi nilikuwa nafagia chumba kisicho na mtu, naota jua mlangoni, narudi nyumbani.

Mwezi wa Machi akaanza kukohoa Amuri.

Amuri alikuwa mdogo wake Fatu, alikuwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza mwaka. Mwasiti hakungoja hata nusu siku. Ijumaa alikohoa, Ijumaa hiyo hiyo akahamisha moto nje kwenye mvua, akatoa dagaa wote, akang'oa gunia dirishani. Alimpa maziwa kidogo kidogo kila alipoamka. Alimvua nguo akamtazama kifua, kama Pastory. Kila jambo alilofundishwa alilifanya. Mzee Mwinshehe alituma salamu, Mwasiti akamjibu mjumbe, "Mwambie shikamoo, na asije." Alifunga nguo zake apande boti ya Jumatatu kwenda hospitali Kigoma. Ilikuwa na injini, ikipita mara mbili kwa wiki.

Jumatatu ziwa lilichafuka na boti haikutokea. Nilikwenda kwa Mzee Feliksi kuomba mtumbwi na wapiga kasia. Akanipeleka ufukweni, akanionyesha mawimbi. "Siwema, nikiwatoa vijana sasa nitawazika na wao." Hakuwa anasema uongo. Kwa kasia, hata ziwa likitulia, ni mwendo wa siku nzima.

Adhuhuri mbavu za Amuri zilianza kubonyea. Mwasiti akamfunga mgongoni, akaja akasimama mbele yangu.

"Mama, lete ufunguo."

Tukaenda zahanati. Nikafungua. Nikafungua na kabati. Dawa zilikuwamo! Pastory hakuchukua hata chupa moja. Zilikuwa zimepangwa safu, vichupa vya unga mweupe vyenye vifuniko vya bati, na sindano zake ndani ya kitambaa nilichokifua mimi. Nikawasha jiko. Nikachemsha sindano moja, kwa sababu ndiyo kazi niliyoijua. Maji yakachemka, nikaitoa kwa koleo, nikaiweka kwenye sahani safi. Kisha nikasimama.

Mwasiti akasema, "Haya, mama. Ni chupa ipi?"

Vichupa vilikuwa vya namna tatu, vyote vyeupe, vyote vimeandikwa Kiingereza ambacho hata waandishi wa ile barua hawakukijua. Mimi sisomi, na Mwasiti hasomi. Wala sikujua anatia maji kiasi gani, wala anampa mtoto mdogo kiasi gani. Miaka miwili nilisimama nyuma yake natazama mgongo wake.

"Umekaa na Bwana Pastory miaka miwili," Mwasiti akasema. "Chagua."

"Sijui, mwanangu. Nikikosea nitamuua."

Akanitazama. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. "Bwana Pastory aliondoka kwa nini, mama? Watu wananiambia ulisimama mkutanoni. Ulisema nini?"

Ningeweza kumdanganya, nilishazoea. Nikamwambia. Nilisema hakukatwa. Nikamwambia na lile dole gumba.

Alimtoa Amuri mgongoni. Mtoto alikuwa anakoroma kidogo kidogo, macho nusu wazi, ngozi chini ya mbavu ikiingia na kutoka haraka haraka. Nikatanua mkeka nikidhani anataka kumlaza. Akanisogezea mtoto kifuani.

"Mshike wewe," akasema. "Fatu nilimshika mimi."

Akatoka nje, akakaa kwenye mvua akinipa mgongo. Nikamshika Amuri mbele ya kabati lililojaa dawa, nikamtazama kifua, mpaka kikaacha kubonyea, na kisipande tena.